Kitambaa Kilichopewa Kazi ya Chuma

Kitanda cha mtoto cha ubavuni ni kitanda kidogo chenye kuta nne, mmoja ukiwa mfupi au wa kushushwa, kinachofungwa kwenye kitanda cha mzazi ili kichanga alale kwenye godoro lake mwenyewe na mama amfikie kwa mkono bila kushuka. Kazi yake haizidi hapo. Kwa hiyo ubora wake haupimwi kwa magurudumu, mifuko ya nepi wala picha za sungura. Unapimwa kwenye ukuta ule mmoja ulio upande wa mama. Kuta tatu fundi yeyote anaziweza. Wa nne ndio unaoonyesha kama mbunifu alifikiri.

Kampuni ya Simplicity ya Marekani haikufikiri. Vitanda vyake vya ubavuni, vilivyouzwa kwa sifa ya kuwa vitatu au vinne ndani ya kimoja, vinajulikana kwa kila anayefuatilia samani za watoto, na waliokiona kimoja kikiwa kimevuliwa nguo yake wanajua tatizo lilipokuwa. Upande wa kushushwa ulikuwa na fito za chuma zilizoachana zaidi ya inchi 2 na 3/8, yaani kama sentimita 6. Badala ya kuzisogeza fito zikaribiane au kuongeza moja katikati, nafasi ile ilifunikwa kwa kitambaa kilichobandikwa kwa velkro. Mzazi akitaka kitanda kisimame peke yake, kitambaa kilipandishwa. Akitaka kukiunganisha na cha kwake, kilikunjwa chini.

Kipimo cha sentimita 6 hakikuokotwa barabarani. Tangu miaka ya 1970 kanuni ya Marekani ya vitanda vikubwa vya watoto hairuhusu nafasi kubwa zaidi ya hiyo kati ya fito na fito, na sababu iko kwenye maumbile ya mtoto: nyonga za kichanga ni nyembamba kuliko kichwa chake. Nafasi inayopitisha makalio na kukataa kichwa ni mtego. Miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata, kichwa hugoma, na mtoto hubaki amening'inia kwa shingo au kidevu. Halii, kwa kuwa pumzi ya kulilia haipo. Anayechora kitanda cha mtoto bila kukijua kipimo hiki ni sawa na anayechora ngazi bila kujua urefu wa hatua ya binadamu.

Velkro, ule mkanda wa kunata unaolia ukibanduliwa, ni kifaa kizuri kwenye kiatu cha mtoto wa chekechea. Kwenye kitanda hiki ilikosea mara tatu. Kwanza, komeo la chuma lina hali mbili tu, limefunga au halijafunga, na likifunga husikika. Velkro ina hali ya tatu: imeshika kidogo. Kwa macho imefungwa, kwa mkono imefungwa, lakini uzito wa mtoto wa kilo 6 ukiiegemea usiku kucha inaachia. Pili, velkro huzeeka kwa kutumika na kwa kufuliwa. Hujaza nyuzi, pamba na nywele, na kitanda cha kichanga hakiishi kucheuliwa na kukojolewa, kwa hiyo hufuliwa kila mara. Kifaa kinachopungua nguvu kadiri kinavyosafishwa hakifai kupewa ulinzi wa mtu asiyeweza kujiokoa. Tatu, na hili ndilo kubwa, kitambaa kiliificha nafasi. Mama anayeona fito zimeachana atashtuka, atauliza, pengine atakirudisha kitanda dukani. Mama anayeona kitambaa chenye maua kilichonyooka anaona ukuta. Usalama wa chombo kizima ukawa umekabidhiwa kwa mzazi aliyeamka mara nne, saa nane usiku, gizani, akitakiwa kubandika mkanda sawasawa kila anapobadilisha mkao wa kitanda.

Uamuzi huo ulipitaje? Kwa mlango wa majina. Kanuni ya fito ilikihusu kitanda kikubwa cha mtoto. Kitanda kidogo cha kichanga kilihesabiwa kuwa aina nyingine, na cha ubavuni hakikuwa na kanuni yake kabisa. Kwa karatasi, Simplicity haikuvunja kifungu. Nafasi ile ile iliyokatazwa kwenye chombo kimoja iliruhusiwa kwenye chombo cha jirani, dukani kwenye rafu ile ile, kwa mtoto yule yule.

Septemba 2007 mtoto wa miezi minne alifia katika kitanda hicho jimboni Missouri. Agosti 2008 mwingine wa karibu miezi sita alifariki jimboni Kansas kwa namna hiyo hiyo. Kati ya vifo hivyo viwili, mali za Simplicity zilikuwa zimeuzwa mnadani, Aprili 2008, kwa kampuni iitwayo SFCA, nayo ikakataa kuviita vitanda virudishwe kwa hoja kwamba haikuvitengeneza yenyewe. Sheria mpya ya usalama wa bidhaa ilitiwa saini tarehe 14 Agosti mwaka huo, na kabla mwezi haujaisha Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji (CPSC) iliutumia uwezo wake mpya kuwatahadharisha wananchi moja kwa moja kuhusu vitanda vipatavyo 900,000, na maduka makubwa yakaviondoa. Tahadhari haikugusa matoleo ya karibuni, ambayo kitambaa chake kilikuwa kimefungwa juu ya vyuma kwa kudumu. Hilo lilipunguza hatari, lakini halikuacha kuwa ungamo: hata katika masahihisho, kitambaa ndicho kiliendelea kufanya kazi ya chuma.

Kosa hili lina ukoo. Simplicity hiyo hiyo ilikuwa imeviita virudishwe vitanda vikubwa vipatavyo milioni moja Septemba 2007, kwa sababu ukuta wa kushuka uliweza kufungwa juu chini bila mzazi kugundua, kisha ukabanduka. Malalamiko dhidi ya kuta za kushuka ni ya zamani na yamerudiwa hadi yakachosha, lakini yalishinda: tangu Juni 2011 vitanda vikubwa vya aina hiyo haviruhusiwi kuuzwa Marekani. Ukoo huo huo umezaa pia kitanda cha mwinamo. Rock 'n Play ya Fisher-Price, iliyoingia sokoni 2009 ikiwa na mgongo wa nyuzi 30, iliondolewa Aprili 2019 baada ya kuuzwa kama milioni 4.7 na vifo zaidi ya 30 kuhusishwa nayo. Kwenye mwinamo huo kidevu cha kichanga huelekea kifuani na njia ya hewa hubanwa. Sheria ya Marekani ya 2022 ikapiga marufuku vitanda vya kulaza vichanga vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Hata hivyo vipo vitanda vya ubavuni vinavyoendelea kusifiwa kwa miguu inayopandishwa upande mmoja, eti mtoto asicheue. Kucheua hakuzuiwi kwa kumwinamisha, na Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hakishauri jambo hilo. Kinashauri godoro gumu lililo bapa, mtoto alale chali, katika chumba cha wazazi kwa angalau miezi sita, juu ya kitanda chake mwenyewe.

Ubaya wa vitu vinne ndani ya kimoja huonekana vizuri ukivilinganisha na vyombo vya kitu kimoja. Sanduku la uzazi la Finland, lililoanza kutolewa 1938 kwa akina mama wa kipato kidogo na kwa wote mwaka 1949, ni boksi la karatasi ngumu lenye godoro linaloenea chini yake barabara. Halina bawaba, halina komeo, halina upande wa kushuka. Kwa hiyo halina kitu cha kulegea. New Zealand nayo, tangu 2006, imekuwa na wahakura, kikapu bapa chenye kingo ambacho Wamaori hukisuka kwa majani ya harakeke na kukiweka juu ya kitanda cha wazazi, mtoto akalala karibu bila kulaliwa. Daktari David Tipene-Leach na wasusi waliokiasisi hawakuongeza kifuniko wala kipete. Mtu yeyote wa pwani aliyekaa na bibi anayeshona ukili ataelewa mara moja kwa nini kikapu hicho hakiwezi kuachia fundo usiku: kingo na kitako ni msuko mmoja. Vyombo hivyo viwili havijiungi na kitanda cha mama, na huo ni upungufu wao, lakini ni upungufu unaoonekana.

Vitanda vya ubavuni vya sasa vyenye majina makubwa vina fremu imara, kuta za wavu unaopitisha hewa na magodoro magumu yanayoenea. Hapo hakuna la kulaumu.

Linalobaki ni kiungo kati ya vitanda viwili, na hapo kitanda cha mzazi nacho huingia hesabuni. Vitanda vingi vya ubavuni huchorwa kwa kufikiria godoro la Ulaya lililokaa wazi juu ya jukwaa. Kitanda cha mbao kilichochongwa Keko au Gikomba kina ubao wa ubavuni unaosimama nje ya godoro, na godoro hukaa ndani yake juu ya chaga. Kitanda cha mtoto kikisukumwa hadi kikagusa ubao, bado kuna unene wa ubao wenyewe na nafasi kati yake na godoro. Hilo ni pengo, hata kama vitanda vinagusana. Mikanda ya kufungia, inayopita chini ya godoro la wakubwa na kushika upande wa pili, haiwezi kuliondoa. Kinachosaidia ni kulisukuma godoro la wakubwa hadi liegemee ukuta wa kitanda cha mtoto na kuacha nafasi yote upande wa pili. Ubao ukiwa mrefu kiasi kwamba godoro halifiki, kitanda cha ubavuni hakikifai kitanda hicho, na cha mtoto kisimame peke yake, ukuta wake wa nne ukiwa umepandishwa.

Kimo nacho hupimwa vibaya. Dukani muuzaji huonyesha nyuso mbili za magodoro zikiwa sambamba, na hakuna mtu aliyelala. Godoro la sponji la inchi 8 hushuka kingoni pale mtu mzima anapolala ubavu akinyonyesha, na ukingo uliokuwa tambarare huwa mteremko. Kipimo cha kweli hupatikana mama akiwa amelala mahali pake, baba au dada akiwa na futi kamba. Godoro la mtoto lisiwe juu ya lile la mama, na ukuta mfupi ubaki juu ya godoro la mtoto. Kiwango cha Ulaya cha EN 1130, katika toleo la 2019, kinataka ukuta huo, hata ukishushwa, usipungue milimita 120. Kitanda kinachofunguka kabisa hadi magodoro mawili yakutane kama sakafu moja hakifikii kiwango hicho, hata kikipendeza vipi kwenye picha. Vingi vya namna hiyo huendelea kuzunguka kama vitu vya mitumba, bila kijitabu chake na mara nyingi bila mikanda yake.

Pengo likionekana, mkono wa kwanza hukimbilia kanga iliyokunjwa, taulo au mto mwembamba wa kuziba. Hiyo ni Simplicity iliyoundwa nyumbani. Kitambaa laini hubonyea, uso wa mtoto huzama ndani yake, na aliyekiweka hulala akiamini ameziba.

Chandarua huleta tatizo la aina yake, ambalo vijitabu vya Ulaya havilitaji kwa sababu malaria haiko kwao. Desturi ni kuchomeka chandarua chini ya godoro la wakubwa pande zote. Kitanda cha mtoto kikifungwa baada ya hapo, chandarua hupita katikati ya vitanda viwili: mtoto yuko nje ya kinga, na kitambaa kilicholegea kimeingia kwenye kiungo. Kitanda cha mtoto hutangulia kufungwa, kisha chandarua kikubwa cha pembe nne huning'inizwa darini kikifunika vyote viwili, na upande wa mtoto huchomekwa chini ya kitanda chake kwa nje, ukiwa umekazwa usimguse usoni.

Marekani ilikipatia kitanda cha ubavuni kanuni yake Januari 2014, ikaanza kutumika Julai mwaka huo. Kabla ya hapo chombo hicho kilikuwa kimeuzwa kwa miaka mingi kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Matumizi yake yenyewe ni mafupi. Mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, au kukaa, jambo ambalo kwa wengi huanza karibu na mwezi wa tano, ukuta wa milimita 120 haumzuii tena. Kitanda hufunguliwa mikanda na mtoto huhamia kwenye kile kikubwa chenye fito.