Mkate wa Tumbaku

Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Kitabu chake, The Lake Regions of Central Africa (1860), hunifaidi sana, ila maneno yake juu ya tumbaku hayaniingii.

Asema watu wetu hulianika jani juani tu, hawalilundiki livuje jasho na kuiva. Papo hapo aeleza tumbaku ya Usambara: hukandwa, ikafanywa mikate, ikafungwa kwa majani ya mgomba. Je, huko si kuhifadhi? Jani lililoachwa wazi hukauka likawa vumbi, au hunyeshewa likaoza. Lililoshindiliwa na kufungwa hubaki na unyevu wake, likakingoja kiko kwa miezi.

Mkulima wa Urambo ayajua hayo. Jani likitoka bani hulilainisha kwanza, ndipo alifunge robota. Likizidi maji, huota ukungu.

Burton aliuona mkate, asiuone ujuzi wa aliyeutengeneza. Nasi tusomapo vitabu vya njia ya misafara, kila bidhaa inapotajwa tuulize: nani alijua kuitunza?