Ngozi ya Mhunzi ni ya Nani?

Wahakiki wengi wanapoigusa Shahnameh, utenzi ambao Ferdowsi wa Tus aliumaliza mnamo mwaka 1010, humsifu Kaveh mhunzi kama shujaa wa wanyonge. Mimi nakubali nusu tu. Nusu ya pili inakataliwa na kisa chenyewe.

Hebu tukumbushane. Zahhak ni mfalme mwenye nyoka wawili mabegani, waliochipuka pale Ibilisi alipombusu. Kila siku vijana wawili huchinjwa ili nyoka walishwe ubongo. Halafu, eti, mfalme huyo huyo anawataka wakuu watie sahihi hati ya kuthibitisha kwamba yeye ni mwadilifu! Ndipo Kaveh anapoingia kumdai mwanawe. Anarudishiwa mtoto, lakini anaambiwa naye atie sahihi. Anaichana hati, anatoka nje, anaitundika kwenye mkuki ngozi anayojikinga nayo na cheche za moto kazini. Umma unamfuata.

Hapa kimaudhui mtunzi amefaulu sana: bendera imetoka kwa mfanyakazi. Sasa tazama yanayofuata. Umma unakwenda kwa Fereydun, mwana wa ukoo wa kifalme. Yeye anaipamba ngozi kwa hariri, dhahabu na vito, na kila mfalme anayemfuata anaongeza vyake. Fereydun anamfunga Zahhak katika mlima Damavand, anatawala. Kaveh karibu hasikiki tena. Basi msimamo wa mtunzi ni huu: mnyonge ana haki ya kuasi, ila kutawala ni kwa wenye damu ya ufalme.

Mwaka 1990 mshairi Ahmad Shamlou, akihutubia Berkeley, Marekani, alidai kwamba Zahhak amesingiziwa, kumbe alikuwa upande wa umma. Wairani wengi walimkasirikia. Naona alivuka mpaka, maana vijana waliochinjwa walikuwa watoto wa nani kama si wa umma? Lakini kuuliza kisa kimesimuliwa kwa faida ya nani ni haki ya kila msomaji.

Jibu ninalolipenda wanalo Wakurdi. Katika masimulizi yao ya Newroz, mara nyingi Kawa mwenyewe ndiye anayemuua dhalimu kwa nyundo yake, kisha anawasha moto mlimani kuwapa watu habari. Mhunzi wao hamngoji Fereydun. Ndiyo maana nasema tusiisome Shahnameh peke yake. Tuisome pamoja na wale walioirudisha nyundo mkononi mwa mwenyewe.