Chipsi za KFC: Kosa Lilifanyika 2011, Bandari Ilisingiziwa

Tusizunguke. Mwanzoni mwa Januari 2022 KFC Kenya iliwatangazia wateja kwamba chipsi zimekwisha kwa sababu wateja wenyewe wamezipenda kupita kiasi. Kampuni ilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa limeshatimiza miaka kumi. Ilipoingia nchini 2011 na kufungua mgahawa wake wa kwanza Nairobi, ilipanga kuku watoke hapa nyumbani na chipsi zije kwa meli. Mpango huo ukaachwa hivyo mwaka baada ya mwaka, bila njia ya pili. Tangazo la Januari lilikuwa matokeo ya mtihani ambao jibu lake liliandikwa zamani.

Mlioifuatilia sakata hiyo mnajua ilivyokwenda, kwa hiyo sitairudia yote. Nataka tusimame kwenye zile siku mbili tatu, kwa sababu uamuzi mzima wa kampuni ulionekana hapo, tendo kwa tendo.

La kwanza ni wakati. Desemba ni mwezi ambao hata muuza maandazi asiyeweka daftari anajua kwamba watu watakula. Watu wanarudi mashambani, matatu zinajaa kuanzia Nairobi hadi Keroka, watoto wako likizo na kila mzazi ameahidi kuku na chipsi. Upungufu unaoangukia mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari ni upungufu uliopigiwa hodi na kalenda. Kampuni ilisema meli zilichelewa, na ni kweli zilichelewa. Korona ilikuwa imevuruga usafirishaji wa baharini dunia nzima tangu 2020, na kufikia Januari 2022 hakuna mfanyabiashara aliyekuwa na haki ya kushangaa kwamba shehena haikufika siku yake. Aliyepanga sikukuu kwa kutegemea meli moja katika mwaka ule alipanga vibaya.

La pili ni maneno. Kumwambia mteja kwamba ameipenda bidhaa mno ndiyo maana imekwisha ni kumtwika mzigo usio wake. Mteja aliagiza, alilipa, alingoja. Kazi ya kukadiria mahitaji ni ya ofisi. Meneja wa kaunta, kijana wa kuchukua oda na yule wa kuleta chakula kwa bodaboda ndio waliobaki kuyabeba maneno ambayo hawakuyaandika. Hao nawatoa lawamani kabisa.

La tatu ni mbadala. Aliyetaka kombo aliambiwa abadilishe chipsi kwa ugali, kolsloo au mkate. Kama hatua ya dharura, ilifaa.

La nne ndilo lililoharibu kila kitu. Wakenya walipouliza kwa nini kampuni isinunue viazi hapa nchini, mkuu wa KFC Afrika Mashariki alijibu kwamba kila msambazaji lazima apitie ukaguzi wa ubora wa kimataifa, na utaratibu huo haurukwi hata bidhaa ikiisha. Someni jibu hilo polepole. Kwa upande wa usalama wa chakula ni sahihi, na mimi sitamshauri mtu yeyote anunue gunia barabarani akalimwage kwenye kikaango cha mgahawa wa kimataifa. Lakini jibu hilo ni ungamo. Kama ukaguzi unachukua muda, na kampuni imekuwa hapa tangu 2011, ule muda ulitumiwa kufanya nini? Kiazi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Maeneo mengi ya viazi Kenya hulima misimu miwili kwa mwaka. Kwa miaka kumi, hiyo ni takriban misimu ishirini ya kujaribu mbegu, kupima mazao, kumkagua msambazaji, kumkataa, kumrekebisha na kumkagua tena. Timu yenye kipa mmoja bila wa akiba huweza kucheza msimu mzima vizuri, lakini siku kipa akiumia, anayepaswa kujieleza ni kocha.

Hasira iliyofuata ilikuwa ya haki. Viazi ni zao la pili la chakula Kenya baada ya mahindi. Nyandarua, Nakuru, Meru, Elgeyo Marakwet, Narok na Bomet huvivuna kwa malori. Mkulima aliyeuza gunia kwa bei ya kutupa msimu uliopita aliwasha simu akasikia kwamba nchi yake haina viazi vya chipsi. Mwito wa kuisusia KFC ulienea mitandaoni, na ndani ya siku chache kampuni ikasema itafanya kazi na wasambazaji wa humu nchini. Ikiwa jambo linawezekana baada ya siku chache za kelele, liliwezekana pia katika miaka ya ukimya.

Sasa nitende haki kwa upande wa kiufundi, kwa sababu wapo waliodai kwamba kiazi ni kiazi. Hapana. Chipsi zinazokuja zimegandishwa hupita hatua nyingi kiwandani: kiazi huoshwa, humenywa, hukatwa kwa vipimo sawa, huchovywa maji moto, hukaushwa, hukaangwa nusu, kisha hugandishwa na kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kiazi kinachofaa hapo ni kirefu, kikavu ndani na chenye sukari kidogo, ili kisigeuke kahawia kwenye mafuta. Aina yetu ya Shangi, inayotawala soko, hukomaa haraka na kuiva haraka, na vibanda vinaipenda kwa hilo. Lakini huchipua upesi mno baada ya kuvunwa, na haikai ghalani. Ukiihifadhi kwenye baridi bila utaalamu, wanga wake hugeuka sukari na chipsi zinatoka nyeusi nyeusi. Mbegu za kiwandani kama Markies na Challenger zipo na zimeshalimwa Kenya, na viwanda vyetu vya krispi vimetumia Dutch Robyn kwa miaka mingi. Kwa hiyo pengo lilikuwepo, na lilikuwa pengo linalojulikana, lenye dawa inayojulikana. Dawa yenyewe ni mkataba na mkulima, mbegu sahihi, ghala na kiwanda.

Hapa sina budi kurudi kwenye vita vyangu vya zamani, nanyi mnaonisoma mmevizoea. Mnunuzi mkubwa anapokaa nje ya soko, dalali ndiye anayebaki kuweka kanuni, na kanuni ya dalali ni lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Tangu 2019 tuna kanuni za viazi zinazosema gunia lisizidi kilo 50. Nendeni shambani mkaone kama gunia limewahi kuisoma kanuni hiyo. Mkataba mmoja wa mgahawa mkubwa unaolipa kwa kilo, kwa mizani, ungefanya kazi ambayo askari wa kaunti wameshindwa. Ndiyo maana uamuzi wa 2011 unaniuma kupita chipsi zenyewe.

Na msiniambie kwamba kuwaandaa wakulima wa viazi hakujawahi kufanyika. McDonald's ilipofungua Moscow tarehe 31 Januari 1990, ilikuta nchi isiyo na kiazi inachokitaka. George Cohon, mkuu wa McDonald's ya Kanada, na watu wake hawakungoja meli ziwaangushe ndipo watafute. Kabla mlango haujafunguliwa walikuwa wamejenga kiwanda chao cha chakula pembeni mwa jiji, wameleta mbegu ya Russet Burbank, na wataalamu wameingia mashambani kufundisha. Hiyo ndiyo kazi ya mtu anayejua kwamba chipsi ni nusu ya sahani. Nchini India, McCain, kampuni ya chipsi za kugandishwa, ilianza na wakulima wa Gujarat mwishoni mwa miaka ya 1990, ikachukua miaka mingi hadi kiwanda, lakini ilianza. Kuanza ndiko kunakotofautisha.

Angalieni pia wenzao wa wakati huohuo. Desemba 2021, McDonald's ya Japani ilikumbwa na tatizo lilelile la viazi kuchelewa baharini. Walifanya nini? Kwa muda waliuza kipimo kidogo peke yake, ili kila mteja apate, huku wakiagiza mzigo mwingine kwa ndege. Walikuwa na funzo la 2014, walipokwama na kusafirisha chipsi kwa ndege wakati wa mgogoro wa bandari za magharibi mwa Marekani. Kupunguza kipimo mapema ni uamuzi wa fundi. Kuuza vipimo vyote hadi sanduku la mwisho, kisha kutangaza kwamba limekwisha, ni uamuzi wa mtu asiyetazama ghala lake.

KFC yenyewe ilikuwa na funzo lake. Februari 2018 kule Uingereza ilihamishia usambazaji wake kwa DHL, ikategemea ghala moja la mji wa Rugby, na mamia ya migahawa yake takriban 900 yakafungwa kwa kukosa kuku. Jina zima la biashara ni kuku! Waliomba radhi kwa tangazo la ukurasa mzima gazetini, bila kumlaumu mteja, na radhi ile inasifiwa hadi leo. Ghala moja lilileta aibu 2018, njia moja ya bahari ikaleta aibu 2022. Miaka minne ilitosha kwa somo kuvuka kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Hoja ya kwamba mkulima wetu hawezi viwango vya kimataifa ndiyo inayonikera zaidi nikiwa hapa Nyaramba, Kaunti ya Nyamira. Kaunti hii imezungukwa na chai. Mkulima mwenye shamba dogo huchuma majani mawili na kichipukizi, hupeleka kituoni, karani hupima na kukataa yasiyofaa, na lori huondoka kwenda viwanda kama Kebirigo na Sanganyi. Chai hiyo hupelekwa mnada wa Mombasa na kununuliwa na watu wasiojua Nyamira iko wapi, ila wanajua ubora wake. Viwanda vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, vimepata vyeti vya Rainforest Alliance kwa kukaguliwa hadi shambani. Jinsi anavyonyunyizia dawa, anavyotunza mto, anavyoweka kumbukumbu, yote hukaguliwa. Mtu anayefaulu mtihani huo kwa chai atashindwaje kwa kiazi, akipewa mbegu, maelezo na mnunuzi wa uhakika? Alichokosa ni mwaliko wa kufanya mtihani.

Tazameni hata vibanda vyetu. Yupo mama mmoja sokoni hapa Nyaramba ambaye namtazama akifanya kazi kila ninapopita. Kiazi hukipima kwa ukucha kabla hajamlipa mwenye lori. Akishakata, hulaza vipande kwenye beseni la maji ili wanga utoke na visishikane. Kisha hukaanga mara mbili. Mara ya kwanza mafuta hayajachemka sana, chipsi zinaiva bila kubadilika rangi, anazitoa na kuziacha zipumue. Mteja akifika, zinarudi kwenye karai mafuta yakiwa makali, zinatoka na ganda. Hiyo ni mbinu ileile ya kiwandani, bila friza. Na ana wauzaji wawili: mmoja huleta kutoka Bomet, mwingine kutoka Molo. Mvua ikiharibu barabara upande mmoja, anapiga simu upande wa pili. Sijawahi kumkuta amefunga kwa kukosa viazi.

Waliokula katika migahawa ya Kenchic Inn zamani watanielewa. Kuku wa hapa, kiazi cha hapa, chipsi nene zenye harufu ya kiazi, chumvi na siki juu. Hakukuwa na hekaya ya kugandisha, na hakukuwa na siku ya kuambiwa zimekwisha nchi nzima. Duka moja likiishiwa, la mtaa wa pili lilikuwa nazo, kwa sababu kila duka lilinunua lenyewe. Mfumo wa sasa wa kituo kimoja kununulia wote una faida zake katika bei na ulinganifu, lakini ukianguka, unaangukia wote siku moja.

Nayo mazuri yapo. Kuku wa KFC hununuliwa hapa nchini, hufika mezani moto, na kaunta zake ni za haraka. Hata kwenye pizza, mnyororo wa Pizza Inn na ofa yake ya Jumanne, nunua moja upate ya pili, umewaingiza Wakenya wengi kwenye pizza bila kuwafilisi. Heshima yao.

Lakini swali la chipsi ndilo swali la pizza pia. Chipsi ni kwa kuku vile mozzarella ilivyo kwa pizza: ikikosekana, mbadala wa dharura hautoshi. Migahawa ya minyororo inatoka Nairobi na kuifuata miji yetu, na Kisii imeshaonja. Kila mmoja unapofungua tawi, mwandishi wa habari huuliza bei na idadi ya ajira. Aulize na hili: jibini yenu inatoka wapi, na ikikwama Mombasa kwa mwezi mzima, msambazaji wa pili ni nani, na ameshakaguliwa? Meneja akijibu kwa jina la kiwanda na tarehe ya ukaguzi, mnyororo huo umejipanga. Akijibu kwamba hawajawahi kuishiwa, basi yuko palepale KFC ilipokuwa Desemba 2021, na wateja wake wana haki ya kumwambia hivyo leo, kabla ya Januari nyingine.