Mkono wa Anna Schwartz

Mwanafunzi wangu aliniletea mchoro wa ujazi wa fedha wa Marekani. Mstari mmoja wa buluu, unapanda polepole, kisha baada ya 1929 unaporomoka. Nikamwuliza takwimu amezitoa wapi. "Nimezipakua, mwalimu." Nikamwuliza ni nani aliyezitengeneza. Akanitazama kwa adabu, kama niliyemwuliza ni nani aliyeitengeneza mvua.

Hakunikosea, sisi ndio tuliowalea hivyo. Ila swali lile lilinikaa moyoni siku nzima, maana jibu lake nalijua. Nambari zile zilitengenezwa na mikono ya watu, na mkono uliozishughulikia kuliko yote ni wa Anna Schwartz.

Alizaliwa New York mwaka 1915. Mwaka 1941 akaingia katika taasisi ya utafiti aliyoiasisi mwanauchumi Wesley Mitchell na wenzake, ambako mizunguko ya biashara ilichunguzwa kwa subira ya mvuvi: pima kwanza, nadharia itakuja baadaye. Huko ndiko alikokutanishwa kikazi na mwanauchumi Milton Friedman. Mmoja New York, mwenzake Chicago, na majedwali yakisafiri kwa posta. Mwaka 1963 wakatoa historia ya fedha ya Marekani tangu 1867 hadi 1960, kurasa zaidi ya 800.

Wengi hukikumbuka kitabu hicho kwa hoja yake. Mimi nakikumbuka kwa hundi zilizo njiani.

Tuseme mkulima wa Kansas amemwandikia mfanyabiashara wa New York hundi ya dola 100. Mfanyabiashara anaipeleka benki yake, nayo inamwandikia dola 100 kwenye akaunti. Hundi yenyewe imo ndani ya treni, inarudi Kansas. Mpaka ifike, benki ya mkulima nayo bado inamhesabia dola zake 100, kwa kuwa haijaambiwa lolote. Jumlisha vitabu vya benki zote mbili, utapata dola 200 mahali palipo na 100. Sasa fikiria nchi nzima, maelfu ya benki, magunia kwa magunia ya hundi juu ya reli. Asiyezitoa hundi hizo katika hesabu atawahesabia watu fedha ambazo hazipo. Basi ni lazima azitafute katika ripoti za benki, mwaka baada ya mwaka, azikadirie, azitoe.

Na hiyo ni kazi moja tu. Benki zilizosajiliwa na serikali kuu ziliripoti siku chache tu za mwaka. Zile za majimbo ziliripoti kwa majimbo yao, kwa tarehe nyingine na kwa fomu nyingine. Noti zilizofungiwa ndani ya benki zilipaswa kuondolewa, kwani hazimo mikononi mwa wananchi. Msimu wa mavuno fedha zilitoka mijini zikaenda mashambani, na mtu asiyeujua msimu huo angeweza kudhani biashara imechangamka kumbe ni ngano tu inanunuliwa. Kutokana na vipande hivyo ikasukwa tarakimu ya kila mwezi tangu Mei 1907. Kisha, mwaka 1970, wawili hao wakachapisha kitabu kizima kueleza takwimu zao zilivyopatikana. Leo mtafiti huona aya moja inatosha.

Ni kwa sababu ya kazi hiyo tunajua kwamba kati ya Agosti 1929 na Machi 1933 ujazi wa fedha wa Marekani ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Benki zilifungwa kwa maelfu. Desemba 1930 ilifungwa Bank of United States ya New York, benki ya watu binafsi licha ya jina lake, na hofu ikazidi kuenea. Watu wakatoa amana zao wakazificha majumbani. Benki Kuu, iliyokuwa na uwezo wa kuyazima hayo, haikufanya ya kutosha; hiyo ndiyo hoja ya kitabu chao. Mwaka 2002 Ben Bernanke, wakati huo mmoja wa magavana wake, alisimama katika sherehe ya Friedman ya kutimiza miaka 90, akawaambia yeye na Schwartz kwamba walikuwa sahihi, akaomba radhi. Nadhani hoja peke yake isingeifikisha taasisi kubwa namna ile hapo. Safu za nambari ndizo zilizoifikisha.

Tukizembea kuuliza nambari zilitengenezwaje, tunapotea hata tukiwa wasomi. Mwaka 1986 mwanauchumi Christina Romer alichukua takwimu za ukosefu wa ajira Marekani za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akazikokotoa kwa mbinu ileile iliyotumika kukadiria zile za zamani. Utulivu mkubwa wa uchumi tuliokuwa tukiufundisha kuwa umekuja baada ya vita, sehemu yake kubwa ikayeyuka. Ulitokana na namna ya kuhesabu. Ni walimu wangapi walikuwa wamekwisha kuutolea maelezo!

Friedman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Schwartz hakuipata kamwe, na hata shahada yake ya udaktari alitunukiwa mwaka 1964, kitabu kikiwa tayari madukani. Friedman mwenyewe alikiri kuwa sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya Anna. Mama yule aliendelea na utafiti hadi uzeeni kabisa, akafariki mwaka 2012 akiwa na miaka 96.

Kesho yake nilimpeleka kijana maktaba. Tukakishusha kitabu. Kingo za sura ya saba, ile ya mdororo mkuu, zimekuwa nyeusi kwa vidole vya wasomaji. Huku nyuma, kwenye majedwali na tanbihi zake, karatasi ni nyeupe, na kurasa mbili zilikuwa bado zimeshikana. Nikazitenganisha kwa ukucha, taratibu, zisichanike. Kijana akauliza kama majedwali hayo yanapatikana mtandaoni.