Mkono wa Reggie White

Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao mpira hushikwa mikononi zaidi kuliko unavyopigwa mateke, mabeki wenye nguvu za kutisha hawakuadimika. Lakini Reggie White, mzaliwa wa Chattanooga katika jimbo la Tennessee mwaka 1961, aliwapita karibu wote kwa jambo ambalo watazamaji aghalabu hawakuliona, maana macho yao yalivutwa na kishindo cha mwisho yakaziacha hatua tatu nne zilizokitangulia.

Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Akisimama pembeni mwa safu, upande wa kushoto, alipaswa kumpita mkingaji wa timu pinzani, pandikizi la mtu kama yeye mwenyewe, kisha amfikie kotabeki, yaani mrusha mpira, na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi.

Mpira ulipoanzishwa, White alitoka mbio kwa nje, kana kwamba hana nia nyingine ila kumzunguka mkingaji yule. Na mbio zake, kwa mtu wa kilo 130 na zaidi, zilikuwa za ajabu. Mkingaji, akichelea kuzungukwa, alirudi nyuma upesi, akageuza nyonga na kuutupa uzito wake wote juu ya mguu wa nje. Hapo ndipo hila ilipotimia. White alikita mguu, akashusha bega, akaupitisha mkono wa ndani chini ya kwapa la hasimu wake na kumwinua kwa pigo moja la kutoka chini kwenda juu, akimsukuma kulekule alikokuwa amekwisha kuelemea. Naye, mithili ya mtu aliyeegemea mlango ukafunguliwa ghafla, alikwenda na uzito wake mwenyewe, njia ya ndani ikabaki wazi.

Wasemao kuwa White alikuwa jabari tu wamesema nusu ya kweli. Nguvu zile zisingalifaa kitu kama mkingaji angalisimama imara kwa miguu yote miwili. Na aliyekataa kudanganyika, akakaa akiingoja njia ya ndani, alipitwa kwa nje. Kwa maarifa hayo, katika misimu 8 ya Philadelphia Eagles, White aliwaangusha makotabeki mara 124 katika michezo 121, nayo ni hesabu ambayo hata leo inashangaza.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni fainali ya Super Bowl ya Januari 1997, mjini New Orleans. White alikuwa na umri wa miaka 35, akiwa katika msimu wake wa nne na Green Bay Packers. Desmond Howard, mchezaji mwenzake, alikuwa amekwisha kukimbia na mpira yadi 99, New England Patriots wako nyuma kwa 35 dhidi ya 21, na kotabeki wao Drew Bledsoe hana budi kurusha. Mkingaji Max Lane akajikuta peke yake mbele ya mkono ule. Bledsoe aliangushwa mara mbili mfululizo, na mara ya tatu mchezo ukikaribia kwisha.

White aliiaga futiboli baada ya msimu wa 2000 akiwa amewaangusha makotabeki jumla ya mara 198, akafariki dunia Desemba 2004. Tangu hesabu hiyo ilipoanza kuwekwa rasmi mwaka 1982, aliyempita ni Bruce Smith peke yake, aliyemaliza na 200.