Jina la Baba, Jina la Kilima

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, Tanzania. Kambi ya Benaco, wilayani humo, ikageuka mji wa maturubai. Waliofika darajani wakiwa wameshikana mikono, wengi walipotezana ng'ambo.

Swali la "wenzetu wako wapi?" lilibebwa na karatasi: ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ujumbe huo hauna bahasha, na yeyote anaweza kuusoma. Huruhusiwa habari za kifamilia tu: nani kajifungua, nani mgonjwa, nani kazikwa. Siasa na mambo ya majeshi ni marufuku. Sharti hilo laonekana kama kumfunga mtu mdomo, lakini ndilo lililoifungulia karatasi njia: askari aliyeisoma hakukuta cha kumtia shaka.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye jina. Nchini Rwanda na Burundi, ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawana jina la ukoo la pamoja. Kila mtoto hupewa lake. Ukiuliza Habimana, wataitika kumi. Kwa hiyo huulizwa baba nani, mama nani, kisha kilima gani, kwa sababu huko watu walijenga wametawanyika vilimani, si katika vijiji vya kupakana kama Mtanzania alivyozoea. Kilima ndicho anwani.

Asiyejulikana alipo hafikiwi na karatasi. Hapo redio ilifaa: mwaka huohuo BBC ilianzisha Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, ikasoma majina ya waliotafutwa. Inauma kukumbuka kwamba mapema mwaka huo, wakati wa mauaji ya kimbari, redio ya RTLM ya Kigali nayo ilitaja watu kwa majina, ili wauawe. Aliyesikia jina la nduguye hewani alikuwa na sababu ya kutetemeka kwanza.

Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, likafungua Radio Kwizera mjini Ngara. Kwizera ni kutumaini. Ilitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, na hapa jiografia ilisaidia: Kihangaza cha Ngara ni jirani wa karibu sana wa Kirundi. Mama wa Kihangaza akipalilia migomba aliweza kumfuata mkimbizi Mrundi wa kambini bila mkalimani. Ugomvi wa kuni kati ya wenyeji na wakimbizi ukawa jambo la kusikilizana na si la kusimuliwa na wengine.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, zilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwezi kwisha. Umati ukafuata tena barabara ya Rusumo; Warundi wakabaki Lukole, kambi iliyofungwa 2008. Ujumbe ulioandikiwa "Benaco" ukakosa mwenyewe. Ule wenye jina la baba na la kilima ulikuwa bado na pa kuanzia.