Sungura, Bakame na Mizani ya Hekima

Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyemjua Sungura. Tunayemtaja hapa si mnyama wa porini mwenye kula majani na kukimbia mbwa. Twamtaja Sungura wa hadithi, kiumbe kilichobuniwa na fikira za wazee wetu, kidogo wa mwili, mkubwa wa akili, asimamaye baina ya mwenye nguvu na mnyonge akaisawazisha mizani iliyoelemea upande mmoja. Ndivyo tulivyozoea kumweleza darasani. Katika makala haya twauliza kama sifa hizo zote ni haki yake.

Swali hili hatukulitunga sisi. Lilizuka Rwezamenyo, mtaa wa wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali, jirani na Nyamirambo na Biryogo. Pande hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya msikitini na dukani miaka mingi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Tulikuwa tukiwasomea watoto kisa cha Sungura na Simba. Hatujafika mbali, wakapaza sauti: "Mwalimu, huyo ni Bakame!"

Walisema kweli. Bakame ndiye sungura wa ngano za Kinyarwanda, mwenye kumchezea Fisi apendavyo. Jina lake lapendwa hata shirika la kuchapa vitabu vya watoto, lililoanzishwa Kigali mwaka 1995, likajiita Editions Bakame. Basi sisi tuliodhani tumewaletea watoto mgeni, tulimkuta ni mwenyeji, amekwisha keti.

Kisa chenyewe ni cha Unguja, nacho kimo katika mkusanyo wa George W. Bateman, *Zanzibar Tales*, uliochapwa Chicago mwaka 1901. Sungura agundua asali mtini, nayo ni mali ya Simba. Amwalika Buku, yule panya mkubwa, wapande wakale. Simba atokea chini. Sungura amwambia mwenziwe amfunge katika majani makavu na kumtupa, kana kwamba ni takataka. Hivyo aponyoka, na Buku abaki juu ya mti na Simba chini yake. Baada ya siku chache Sungura amwalika Kobe kwa asali ile ile, na Simba atokea tena. Akamatwapo, Sungura amfundisha Simba namna ya kumwua, kumshika mkia na kumzungusha, na katika kuzungushwa achopoka. Kobe naye amwambia Simba amtie matopeni amsugue kwa wayo hata gamba litoke. Simba asugua mpaka wayo wamchubuka. Mwisho Simba amvizia Sungura nyumbani mwake. Sungura aona nyayo, aisalimu nyumba, kisha ashangaa kwa sauti mbona leo haiitiki kama siku zote. Simba aitikia, na siri yake yafichuka.

Watoto walicheka sana. Kisha mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na Buku je?"

Hatukuwa na jibu. Miaka yote tuliyofundisha kisa hiki tuliandika ubaoni kuwa dhamira yake ni "akili hushinda nguvu", tukapita. Buku hatukumwuliza habari zake. Lakini katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, nani aliokoka na nani aliachwa si jambo la hadithi peke yake. Na mitaa hii yenyewe ina kumbukumbu ya waliotumia hila kuokoa wengine: Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo wanasifiwa hata leo kwa kuwaficha majirani nyumbani mwao na kuwadanganya wauaji mlangoni. Hila ilikuwa hila, lakini aliyefaidika si mwenye hila. Mtoto wa Rwezamenyo anayo haki ya kupima akili ya Sungura kwa kipimo hicho.

Wako walimu wasemao Sungura aondolewe vitabuni kwa kuwa afundisha wizi na udanganyifu. Hatukubaliani nao. Asiyeruhusiwa kumcheka Simba hata katika hadithi atajifunza wapi kwamba Simba naye hukosea? Wako na wengine wamgeuzao Sungura kuwa mzee wa busara, kadhi wa wanyama, wakimfutia makosa. Hao nao twawapinga, kwa kuwa wamchukua Sungura wa kitabuni wasiyemsoma hadi mwisho. Lugha yetu imewatenganishia maneno wazi: kuna ujanja, kuna werevu, kuna busara, kuna hekima. Mwenye kumtupia Sungura maneno yote manne kwa pamoja hakumhakiki, amempamba tu.

Maoni yetu ni haya. Mizani haimo ndani ya Sungura. Imo ndani ya kisa. Katika kitanga kimoja yumo Sungura na wepesi wake, katika cha pili Kobe na subira yake, na Buku ndiye uzito unaotuonyesha kitanga kipi kimepungukiwa. Juu ya mti Sungura ni mjanja tu, maana ajinunulia uhai kwa uhai wa mwenziwe. Mlangoni mwa nyumba yake, asomapo nyayo na kuuliza kabla ya kuingia, hapo aikaribia hekima, na hapana mwingine anayelipa gharama yake. Kobe aponea matopeni. Kiumbe cha hekima ni hao wote wakiwekwa pamoja, na msimulizi wa zamani alilijua hilo. Ndiyo maana hakumwacha Sungura peke yake na asali. Wahenga nao wamesema, mwerevu hajinyoi.

Basi, ndugu walimu, tuwasomee watoto kisa kizima. Tuwaulize habari za Buku kabla wao hawajatuuliza. Na popote Sungura atakapokuta Bakame ametangulia, tuwaache watoto wawasimulie wote wawili, mmoja kwa Kiswahili, mmoja kwa Kinyarwanda. Sisi tuliosimulia kwa sauti kubwa tulihitaji mtoto mmoja mkimya atuonyeshe aliyebaki juu ya mti.